Bia ya Asali Niliyoitema Kitengela

Nilitoka nyumbani Oltepesi kwa sababu mzee wangu alikataa soda.

Mjukuu wetu Silantoi alikuwa ameposwa, na Jumamosi ndiyo siku ya kwenda kwa watu wake wapya. Kwetu Umaasaini msichana hatoki boma kabla mzee hajambariki. Mzee hujaza kinywaji mdomoni, akamnyunyizia kichwani na kifuani, na waliosimama wakaitikia kwa jina la Mungu, "Naai." Zamani kinywaji hicho kilikuwa enaisho, bia ya asali. Siku hizi sisi watu wa kanisa tumeweka soda mahali pake, na wazee wengi wamenyamaza, wakakubali. Wangu hakukubali. Alikuwa kitandani tangu mvua fupi, pumzi ikikatika-katika, na yeye alijua kama sisi tulivyojua kwamba kifua chake kimebakiza baraka moja tu.

"Nimbariki mtoto na maji ya rangi ya machungwa?" akaniuliza. "Ili azae chupa?"

"Na enaisho itatoka wapi, mzee? Miti imechomwa makaa, nyuki wamehama, waliojua kuipika wamelala kaburini."

"Lemayian yuko Kitengela, anapika bia. Mwaka jana nilimwonyesha mzizi wa kuichachulia. Nenda ukaonje. Wewe unaijua. Usiniletee kitu ambacho ulimi wako haujakikubali."

Lemayian ni mtoto wa kijana wetu wa kwanza. Alisomea mambo ya chakula chuoni, tukadhani atapikia hoteli, kumbe akaenda kupika bia, na kwa miaka miwili sikukanyaga kwake. Mimi sinywi. Lakini mume akikupa kazi ya mwisho huwezi kumwambia una mkutano wa akina mama.

Alhamisi, kabla jua halijakausha umande, nikawa tayari. Silantoi alikiondoa kibuyu cha mzee ukutani, kile cheusi chenye kifuniko cha ngozi, akaniambia, "Kokoo, beba hiki. Enaisho haiwekwi kwa plastiki."

"Kitapasuka njiani," nikasema. "Nitamwambia nini babu yako? Rudisha."

Nikabeba mtungi wa mafuta ya kupikia niliouosha kwa majivu. Kibuyu kikarudi ukutani. Mkikumbuka kitu kimoja katika maneno haya yote, kumbukeni hicho.

Kona Baridi ndipo mtu wa bonde huagana na joto. Gari lilisimama kupoza injini, nikashuka na kujifunga shuka vizuri. Ukiangalia nyuma unaona bonde lote limelala chini, kahawia na kijivu, na barabara ya Magadi ikipita katikati kama mkanda uliomdondoka mtu. Nilitafuta mabati ya boma letu nisiyaone. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akaniuliza naenda wapi na mtungi mtupu.

"Kutafuta pombe."

Akaniangalia, akaangalia beji yangu ya kanisa, akageuza mahindi yake. "Haya mama. Kila mtu na shida zake."

Kutoka Kiserian mpaka Isinya niliona nyaya. Nilipoolewa, ile nyanda ilikuwa ya swara na ng'ombe, mtu akitazama haoni ua hata mmoja. Sasa ni nguzo, waya, nguzo, waya, na vibao vya kuonya kwamba shamba hili haliuzwi. Kama haliuzwi, mbona umeandika? Tuliuza, ndiyo ukweli. Kila nyumba ya mawe pale imesimama juu ya mahali ambapo mtu fulani alichungia.

Kitengela ilinipokea na vumbi la saruji na pikipiki. Lemayian aliningoja kwa stendi. Amenenepa. Aliinamisha kichwa kunisalimu, nikakigusa, nikasikia amepaka mafuta ya kunukia kama bibi arusi.

Mahali pake pa kazi ni nyuma ya duka la vyuma vya kujengea, nyumba ya mabati, sakafu imeoshwa mpaka unaona uso wako. Sufuria za chuma zinang'aa, ndefu kunipita. Harufu yake ilinishangaza. Nilitegemea kunuka ulevi. Kulikuwa kunanuka uji ulioachwa jikoni uchachuke.

Msichana mmoja akatoka nyuma ya pipa akipangusa mikono. Anaitwa Wambui, wanashirikiana kazi.

"Karibu sana, shosho."

"Mimi si shosho. Mimi ni kokoo."

"Haya, kokoo. Lakini kiti ni kile kile, hakina kabila. Kaa."

Nikakaa. Alinipendeza, ingawa sikumwonyesha. Akapanga glasi ndogo tano mezani, akaweka ndoo miguuni pangu.

"Ndoo ya nini?"

"Ya kutema. Lemayian ameniambia hunywi. Hata waonjaji wa mvinyo hutema, kokoo. Unanusa kwanza, unaweka mdomoni, unaizungusha, unatema, halafu unatuambia imekuachia nini."

Ya kwanza ilikuwa ya manjano, rangi ya mkojo wa mbuzi aliyefika mtoni. Nikanusa: ganda la chungwa na majani yaliyokatwa asubuhi. Mdomoni ikachomachoma kwa povu, halafu nyuma ya ulimi ukaja uchungu kama mwarobaini. Nikatema. Lemayian akainamisha kichwa haraka juu ya ndoo, akasema, "Naai! Nimebarikiwa!"

"Toa kichwa hapo, mjinga wewe," nikamwambia. Wambui alicheka mpaka akashika meza. "Na huu uchungu umetoka wapi?"

"Ni maua, kokoo. Yanatoka ng'ambo, tunayanunua yakiwa makavu."

"Mnanunua uchungu? Si mngekuja Oltepesi tuwape wa bure."

Ya pili nyeusi tititi. Hiyo ilinikumbusha ukoko wa ugali, ule wa chini kabisa ambao watoto hugombania, pamoja na kahawa iliyosahauliwa motoni. Mwisho wake ukaacha utamu kidogo, kama sukari nguru. Nilikaa nayo mdomoni kuliko nilivyokusudia. Nikawaambia hii inafaa mtu aliyefiwa, asiyetaka kuongeleshwa.

Ya tatu ilikuwa na ukungu kama maji ya silanga ng'ombe wakishaingia. Ilinuka ndizi mbivu, na Wambui akaapa hakuna ndizi ndani, ni kazi ya hamira na ngano. Ni nyepesi, haina neno. Mtu angeinywa akichunga na asijue kwamba amekunywa.

Ya nne Wambui aliimimina mwenyewe, akaacha kucheka. Alisema ndani yake kuna tunda la muratina, lile linalochachusha pombe ya kwao, alilopewa na nyanya yake kule Murang'a. Ilikuwa chachu, chachu ya maziwa yaliyolala siku moja zaidi, na chini ya uchachu kuna kitu cha mti, kama unatafuna mpini wa jembe. Sikuipenda. Lakini nilimwambia ukweli: "Hii iko na mwenyewe. Mtu wa kwenu akionja atajua ameitwa jina."

Akaangalia chini, akasema asante.

Ya tano ilikuwa ya Lemayian. Aliifuta glasi mara mbili kabla ya kumimina. Rangi yake ilikuwa ya utomvu wa mgunga jua likiupiga. Nikanusa, nikapata sega, nta, na ule ukali wa nyuki wenyewe. Nikaweka mdomoni. Ikaanza tamu, ikakauka katikati, kisha uchungu wa mzizi wa osuguroi ukapanda kutoka chini ya ulimi, ukakaa. Osuguroi ni ule mshubiri wetu wa mwitu, na bila mzizi wake asali haichachuki vizuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hata hivyo niliingoja. Nilikuwa nangoja kitu kimoja kije mwishoni, kama unavyongoja mtu wa mwisho aingie ndipo ufunge boma. Hakikuja.

Nikatema.

"Si hii," nikasema.

Lemayian akabaki na chupa mkononi. "Kokoo, ni hiyo. Asali nimeitoa kule kwetu, kwenye mizinga michache iliyobaki. Mzizi babu mwenyewe alinichimbia, akanionyesha mpaka namna ya kuukausha. Nimeipika mara tatu, mbili nikamwaga."

"Nimesema si hii. Kuna kitu imekosa."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningepika mimi. Si wewe ulisoma?"

Wambui akasema polepole, "Onja tena, kokoo. Ulimi wako umepita kwa zingine nne. Huenda umechoka."

"Ulimi wangu haujachoka. Nimeolewa na hii bia kabla mama yako hajazaliwa."

Lemayian aliweka chupa chini. Alifunika pipa. Akaniambia kuna watu wa harusi hapo Kitengela wameililia wiki nzima, akawazuia kwa sababu ya babu. Sasa awaambie nini?

"Wauzie," nikasema. "Babu yako hatabariki mtu na kitu nusu nusu."

Nililala kwake, kitanda kizuri, chakula kizuri. Alienda kulala mapema. Na mimi sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajua nitaenda wapi: Kajiado, kwa Ng'oto Parsanka, mwanamke tuliyeolewa naye msimu mmoja. Siku zake hakuna sherehe iliyofanyika upande ule bila enaisho ya mikono yake. Kama kuna tone lilibaki nchi hii, nilijiambia, liko kwake.

Ijumaa asubuhi nilifika Kajiado. Wenye mbuzi walikuwa wanavutana sokoni, vumbi limesimama. Nyumba ya Ng'oto Parsanka iko nyuma ya soko, na yeye alikuwa kibarazani akishona shanga bila kuziangalia, kwa maana macho hayaoni tena karibu.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko!" akaitikia salamu. "Sauti hiyo naijua. Bado una meno?"

"Ya kukuuma yapo."

"Basi karibu, ukae mbali."

Nilimweleza yote, soda, mzee, bia tano na ndoo. Alicheka sana kwa habari ya ndoo. Halafu akaniambia hajapika enaisho tangu watoto wake wakubwa waokoke na kumwomba aache. Sufuria aliwapa wajukuu wakawekea kuku maji. Hakuwa na tone.

"Lakini umetembea," akasema. "Kunywa maziwa."

Akaniletea kibuyu. Kibuyu cha kweli, kilichosafishwa kwa kijiti cha oloirien, mzeituni wetu wa mwitu, kilichowashwa moto, kama tulivyofundishwa na mama zetu: unaingiza kaa ndani, unalisugua pande zote, unamwaga majivu, moshi unabaki kwenye ukuta wa kibuyu. Nikakiinua. Na kabla maziwa hayajagusa mdomo, enaisho ikaniingia puani. Yote. Ile niliyoingoja Kitengela.

Nikakishusha.

"Nini?" akauliza. "Kimeoza?"

"Ni hiki. Ng'oto Parsanka, kitu kilichokosekana ni hiki."

Akakinusa mwenyewe. Akakipakata. "Niambie," akasema, "wewe uliwahi kuketi na wazee ukanywa enaisho?"

"Mimi? Lini? Nani angeniruhusu?"

"Basi uliijulia wapi?"

Nikafikiri. Niliijulia kichwani na usoni, siku baba yangu aliponinyunyizia nikitoka kwake, nikalamba iliyoteremka kwenye mdomo. Niliijulia kwa kuosha kibuyu cha mzee, sherehe ikiisha, nikiramba kidole. Ni hapo tu.

"Ulikuwa unaramba kibuyu," akasema Ng'oto Parsanka. Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Enaisho haina moshi, mama. Mimi nimeipika miaka yote hiyo. Ikitoka inanuka asali na osuguroi, basi. Moshi ni wa kibuyu cha nyumba unapoipeleka. Yule kijana angeutoa wapi na yeye anapikia kwenye chuma?"

Nikachukua simu. Wambui ndiye aliyeshika, kisha akampa Lemayian.

"Ile bia ya asali," nikasema. "Usiuze."

Nikasikia mtu anagonga chuma nyuma yake.

"Kokoo, si wewe ulisema niuze? Wamekuja leo asubuhi. Wamebeba pipa lote."

"Hata kidogo haikubaki?"

"Machicha tu, yale yaliyobaki chini ya sufuria. Nilikuwa nayamwaga."

"Usimwage. Niletee Isinya."

Isinya tulikutana pale barabara zinapoachana, mbele ya wachoma nyama. Alikuja mbio kwa pikipiki, mkononi amebeba chupa. Ilikuwa chupa ya soda. Hakuwa na chombo kingine kidogo kiasi hicho. Ndani kulikuwa na maji mazito ya kahawia, hayajafika nusu. Mtungi wangu wa mafuta nilikuwa nimeushika mkono wa pili, mtupu, na ulionekana mkubwa kama aibu.

"Bado inachachuka," akasema. "Njiani uifungue kidogo kidogo ipumue, la sivyo itapasuka."

"Sawa."

Hakuondoka. Alisimama akichezea funguo. "Kokoo. Niambie tu. Ilikuwa ndiyo?"

Kuna wanawake wa rika langu ambao wangesema mambo ni ya Mungu. Nikamwambia mbele ya wachoma nyama wote, "Ilikuwa ndiyo. Uliipika sawa. Mimi ndiye niliyetafuta kibuyu ndani ya glasi."

Akainamisha kichwa. Nikakigusa, nikauacha mkono pale muda mrefu kuliko salamu.

Kiserian niliifungua ile chupa, ikapiga mluzi, abiria wote wakageuka. Kona Baridi nikaifungua tena. Nilikuwa nimeshapanga: nitamimina kwenye kibuyu cha mzee, moshi uko ndani unaningoja, yatatulia mpaka asubuhi. Yatoshe mdomo mmoja tu. Baraka moja haihitaji pipa.

Oltepesi nilishuka jua likiwa limeelekea milima ya upande wa pili. Kutoka barabarani niliona shuka nyingi bomani, watu wakitoka, si wakiingia. Nilikaza mwendo. Silantoi akaja kunipokea mtungi. Nywele zake zilikuwa zimelowa na kung'aa, na alinukia maziwa na moshi.

Nikajua.

"Babu alisema asingoje kesho," akasema. "Mchana pumzi ilimpungukia, akasema tumkalishe. Akaniambia, 'Leta kibuyu.' Nikasema hakuna enaisho, kokoo hajarudi. Akasema, 'Tia maziwa. Kibuyu kinajua.'"

"Akaweza?"

"Aliweza, kokoo. Mara nne. Aliniambia niende na miguu mizuri, nikae kwa watu kama asali inavyokaa kwa mti. Watoto wote wakaja chini ya mkono wake, majirani pia, tukaitika mpaka mbuzi wakashtuka. Alikuwa anaangalia barabara. Baada ya hapo akaniuliza, 'Nyanya yako ameonja?' Nikamwambia sijui. Toka hapo hajasema tena."

Watu wote wa boma langu walikuwa chini ya ile baraka. Mimi nilikuwa Isinya nikipokea chupa ya soda.

Nikaingia. Kibuyu kilikuwa kando ya kitanda, chepesi. Nilikisuuza, nikamimina machicha yale ndani, nikangoja sauti ya povu iishe. Kisha nikaketi, nikamwinua kichwa mzee wangu, nikamwekea mdomoni. Alivuta kidogo. Ulimi wake ukatembea. Akafungua macho, akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mtu wa rika lake waliyepotezana naye malishoni.

"Lemayian ndiye aliyeipika," nikamwambia. "Niliionja. Niliitema."

Mashavu yake yakajaa. Nikafahamu anachotaka, nikainamisha kichwa mbele yake kama msichana. Nikangoja. Pumzi haikutosha. Bia ikamtoka polepole pembeni mwa mdomo, ikateremka kidevuni, kwenye zile ndevu chache nyeupe. Nikaikinga kwa kiganja. Nikapaka kichwani pangu mwenyewe, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitikia, nikasema mimi, "Naai."

Jumamosi Silantoi aliondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Mzee alimfuata wiki ile ile, kwa njia yake.

Nimeonja bia tano Kitengela na ningeweza kuwaeleza kila moja hata leo. Nilichojifunza ni kidogo kuliko hizo. Lemayian huja sasa kila baada ya mwezi, na ile ya asali huileta kwa pipa dogo, akaimimina kwa kibuyu, tukaiweka karibu na moto. Wazee hunywa na kusema hii ndiyo yenyewe. Mimi huwakalia karibu nikanusa. Na mtu yeyote anayetoka bomani kwangu kwenda mbali kutafuta kitu, awe anaenda Kajiado, awe anaenda Namanga, nakitoa kile kibuyu ukutani nampa. Wananiambia, kokoo, kitapasuka.

Nawaambia, heri kipasukie njiani.